Mwongozo kamili: jinsi ya kupima kujiamini kwa vijana na imani yao katika uwezo wao

Walimu, wakufunzi na wasimamizi wa miradi ya vijana hukwama palepale kila msimu wa ripoti. Wamewapima vijana kabla ya mafunzo, wamewapima tena baada ya mafunzo, na namba hazisemi kitu. Kundi moja lilianza juu mno, likakosa pa kupandia. Kundi jingine lilishuka baada ya kufundishwa. Wengine waliuliza “Je, unajiamini?”, wakaweka visanduku vya Ndiyo na Hapana, na ukumbi mzima ukajibu Ndiyo.

Sehemu kubwa ya tatizo ina chanzo kimoja. Dodoso liliulizia kujiamini kwa jumla jumla, wakati lilipaswa kuuliza kijana ana uhakika kiasi gani kwamba anaweza kufanya kazi fulani, mahali fulani, mbele ya mtu fulani. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili. Mfano wangu ni vijana wanaojifunza ushonaji, kwa sababu kazi zao zinaonekana kwa macho. Kama kundi lako ni la kilimo, umeme wa majumbani au mdahalo wa shule, badilisha kazi tu. Hatua ni zilezile.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari la kukusanyia kazi ambazo vijana wenyewe wanasema ni ngumu
- Dodoso la kauli 8 hadi 12, lililochapwa kwa herufi kubwa, ukurasa mmoja
- Kadi ya ngazi ya 0 hadi 10, moja kwa kila kijana
- Maelekezo ya kusomwa kwa sauti, yameandikwa neno kwa neno
- Fomu ya ridhaa ya mzazi au mlezi, na fomu ya ridhaa ya kijana mwenyewe
- Orodha ya namba za siri, inayotunzwa mbali na madodoso
- Wadadisi wawili au watatu ambao hawajawafundisha vijana hao
- Vifaa vya kazi yenyewe (kwa ushonaji: futi, mkasi, kitambaa, cherehani)
- Kompyuta yenye Excel, au simu yenye KoboToolbox (programu ya kukusanyia majibu ya dodoso) kama mnakusanya majibu kwa simu
- Vijana sita hadi wanane wa kujaribia dodoso, ambao hawamo kwenye kundi utakalolipima

Ukikosa simu na kompyuta, karatasi na kikokotoo vinatosha. Ukikosa hao vijana wa kujaribia, ahirisha zoezi.

## Hatua ya 1: Amua unapima nini

Watu huweka mambo matatu katika kapu moja. Kwanza kuna kujithamini, yaani kijana anavyojiona kama mtu: ana thamani au hana. Halafu kuna imani ya jumla kwamba likitokea tatizo lolote atalimudu. La tatu ni imani katika uwezo wa kufanya kazi mahususi, na hili ndilo Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeanza kuandika juu yake mwaka 1977, alisisitiza lipimwe kazi kwa kazi.

Kila moja lina kipimo chake. Kujithamini hupimwa mara nyingi kwa kipimo cha Rosenberg cha mwaka 1965, chenye kauli 10, tano kati yake zikiwa za kinyume. Imani ya jumla ina kipimo cha Schwarzer na Jerusalem cha mwaka 1995: kauli 10, kila moja alama 1 hadi 4, jumla 10 hadi 40. Kwa wanafunzi kuna kipimo cha Muris cha mwaka 2001 chenye kauli 24 kuhusu masomo, mahusiano na wenzao, na kudhibiti hisia.

Vipimo hivyo ni vizuri kwa kazi vilivyotengenezewa. Lakini mafunzo ya miezi mitatu ya ushonaji hayabadilishi namna binti anavyojithamini tangu utotoni, na ukimpima kwa Rosenberg utaandika kwamba mradi haukufanya kitu, ilhali sasa anakata gauni bila kutetemeka. Umepima mahali pasipoguswa.

Andika sentensi moja: *Tunapima imani ya vijana wa miaka 15 hadi 24 katika uwezo wao wa kushona kwa mteja na kushughulika na mteja, kabla ya mafunzo ya miezi mitatu na baada yake.*

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyeujua mradi wako anasoma sentensi hiyo na kukutajia kazi tatu ambazo dodoso litaulizia.

## Hatua ya 2: Waulize wanaoifanya kazi

Usikae ofisini ukatunga. Nenda kwa mafundi na kwa vijana waliomaliza mafunzo mwaka uliopita, uwaulize maswali mawili: ni kazi gani ilikufanya usite, na nani akiwa amesimama mbele yako unasita zaidi?

Swali la pili ndilo lenye utajiri. Vijana wengi hawaogopi cherehani, wanaogopa watu. Kutaja bei kwa mteja wa rika lako ni jambo jepesi. Kuitaja kwa mama anayefahamiana na wazazi wako, aliyekuona ukitambaa, ni jambo jingine kabisa. Binti aliyelelewa kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa anatakiwa sasa amwambie mkubwa huyo, “Mama, mshono ni elfu kumi na tano,” na asiongeze “lakini toa tu chochote ulicho nacho.” Dodoso lisilogusa hapo halijapima kujiamini kwa fundi chipukizi.

Chukua kazi moja uipandishe ugumu ngazi kwa ngazi: bei kwa rika, bei kwa mtu mzima anayewajua wazazi, kushikilia bei mtu huyo anapolalamika. Ugumu unaopanda ndio unaowatenganisha vijana. Ukiuliza kazi rahisi tupu, wote watapata 9 na 10 na hutaona mabadiliko.

Kusanya kazi kumi na tano hivi, kisha uchuje.

## Hatua ya 3: Andika kauli

Kauli zote zikamilishe maneno “Nina uhakika kwamba naweza…”. Mfano wa dodoso letu:

1. kumpima mteja nisiyemfahamu na kuandika vipimo vyake vyote
2. kukata kitambaa cha mteja bila mkufunzi kusimama karibu
3. kurekebisha nguo ambayo mteja ameikataa
4. kumtajia bei mteja wa rika langu
5. kumtajia bei mtu mzima anayefahamiana na wazazi wangu
6. kushikilia bei hiyo mtu mzima huyo anapolalamika
7. kumwambia mteja mapema kwamba nguo haitakuwa tayari siku tuliyokubaliana
8. kumdai mteja aliyechukua nguo akabakiza deni

Kanuni zake si nyingi.

Tumia “naweza”, usitumie “nitaweza” wala “nitafanya”. Unapima uwezo anaouona leo. “Nitafanya” inapima nia, na nia njema kila kijana anayo siku ya ufunguzi.

Jambo moja kwa kauli. “Naweza kukata na kushona gauni” ni kazi mbili. Anayejua kukata na asiyejua kushona ajibu nini?

Epuka kukanusha. Kauli kama “Sijisikii kuwa naweza” ikifuatwa na jibu la “Sikubaliani” humlazimu msomaji kukanusha kukanusha. Hata watu wazima wenye shahada hukosea hapo. Kama unatumia kipimo kilichotengenezwa tayari chenye kauli za kinyume, zisome polepole na uzijaribu kwa makini zaidi.

Epuka maneno ya semina. “Kujitambua”, “kufikia ndoto zangu”, “kufanya maamuzi sahihi”: kijana anajua jibu linalotarajiwa kabla hujamaliza kusoma.

Ipo sababu nyingine ya kukaa karibu na kazi. Katika nyumba nyingi zetu, anayesema “mimi najiamini sana” anaonekana mwenye majivuno. Kijana mwenye adabu atajibu “najaribu tu”, na utamwandikia alama ya chini kwa sababu ya malezi mema. Ukimuuliza kama anaweza kumpima mteja na kuandika vipimo, adabu haina pa kuingilia. Anajua au hajui.

Kama unatafsiri kipimo cha lugha nyingine, soma masharti ya wamiliki wake, kisha wape watafsiri wawili wafanye kazi kila mtu peke yake. Linganisheni, mpate tafsiri moja. Mtu wa tatu ambaye hajaona maandishi ya asili airudishe katika lugha ya kwanza. Penye tofauti ndipo pa kurekebisha.

## Hatua ya 4: Chagua ngazi ya majibu na uifundishe

Bandura alipendekeza 0 hadi 100, kwa hatua za kumi kumi. Kwa vijana wetu napendelea 0 hadi 10. Mia ina harufu ya mtihani. Kijana anajipa 50 kwa kuwa ndiyo “amepita”, au anajipa 100 kwa kuogopa kufeli.

Usigawe dodoso kabla ya kufundisha ngazi. Zoezi linalofaa ni la kunyanyua mzigo. Uliza:

- Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kunyanyua dumu la maji la lita 5?
- La lita 20?
- Madumu mawili ya lita 20 kwa mpigo?
- Gunia la mahindi la kilo 100, peke yako?

Kijana aonyeshe kwa kidole kwenye kadi. Majibu yanapaswa kushuka kadiri mzigo unavyopanda. Akisema 10 hata kwa gunia, usimcheke wala usimsahihishe mbele ya wenzake. Muulize tu, “Kama gunia liko hapa sasa hivi, utalinyanyua?” Wengi huteremsha namba wenyewe, na kuanzia hapo wanajua 10 maana yake nini.

Kwa wadogo zaidi, au wasiozoea namba, tumia majibu matano ya maneno: siwezi kabisa, naweza kidogo, naweza kiasi, naweza vizuri, naweza bila shaka yoyote.

Umefanikiwa ikiwa karibu kila kijana ametumia angalau ngazi tatu tofauti katika zoezi la mizigo.

## Hatua ya 5: Lijaribu dodoso kabla halijakuaibisha

Kaa na wale vijana sita hadi wanane, mmoja mmoja. Soma kauli, apate namba yake, kisha uliza: “Kauli hii inauliza nini, kwa maneno yako mwenyewe?” na “Umefikaje kwenye hiyo 6?”

Usiulize “Umeelewa?” Jibu ni ndiyo, hata kama hajaelewa neno.

Sikiliza alichofikiria. Kauli kama “Naweza kujitegemea” wengine huisoma kuwa ni kuhama nyumbani. “Mteja mgumu” mmoja anamwona asiyelipa, mwingine anamwona mwanaume mwenye maneno machafu. Hayo mawili hayawezi kukaa kwenye alama moja. Na hilo la pili, likijitokeza, si suala la dodoso tena. Usilipite kana kwamba hukulisikia.

Vijana wawili wakiielewa kauli tofauti na ulivyokusudia, iandike upya. Kisha itafutie kijana mwingine uijaribu tena.

## Hatua ya 6: Ridhaa, vibali na usiri

Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, pamoja na yake mwenyewe. Mzazi akikubali na kijana akikataa, kijana ameshinda.

Kama kazi ni ya utafiti, Tanzania kibali cha utafiti hutoka COSTECH na Kenya hutoka NACOSTI, ambazo ni tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo. Hata kwa tathmini ya ndani ya mradi, ofisi ya halmashauri na mtendaji wa kata wajue mapema. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Kwa hiyo majina hayaandikwi kwenye dodoso. Kila kijana ana namba, na orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa kwingine.

Onyo: mfadhili au mkuu wa kituo akiomba majina ya “wenye alama za chini tuwasaidie”, mnyime kwa heshima. Siku moja tu ya kuvuja inatosha kuharibu majibu ya miaka.

Maswali haya yanaweza kuamsha maumivu. Mdadisi awe na namba 116 mkononi, simu ya bure ya huduma kwa watoto inayopatikana Tanzania na Kenya pia, na ajue jina la ofisa ustawi wa jamii wa eneo hilo.

## Hatua ya 7: Siku ya kupima

Mkufunzi atoke nje. Kijana hawezi kuandika 3 mbele ya aliyemfundisha, wala mbele ya anayegawa vyerehani. Usipime pia siku ya vyeti, siku ya nauli, au siku matokeo ya mtihani yametoka.

Wakae mbalimbali, wasioneane kadi. Soma kila kauli kwa sauti mara mbili hata kama wote wanajua kusoma. Hivyo asiyejua haumbuki. Maelekezo yawe haya haya kwa kila kundi:

“Nitawasomea kazi mbalimbali. Kwa kila kazi, andika una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kuifanya leo, ulivyo sasa. 0 ni siwezi kabisa. 5 ni nina uhakika wa wastani. 10 ni nina uhakika kabisa. Huu si mtihani, hakuna kufeli. Mkufunzi wako hataona majibu yako. Ukitaka kuruka swali, ruka. Ukitaka kuacha, acha.”

Dakika ishirini zinatosha, pamoja na zoezi la mizigo.

Ishara ya hatari: madodoso mengi yenye namba moja kuanzia juu hadi chini, 8, 8, 8, 8. Hapo watu wamechoka, wameogopa, au hawakuelewa ngazi. Rudia kwa siku nyingine.

## Hatua ya 8: Linganisha maneno na mikono

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayonipa imani na matokeo kuliko nyingine zote. Chagua kauli mbili au tatu, umpe kijana kazi yenyewe aifanye. Tathmini ya ALiVE (mpango wa Afrika Mashariki wa stadi za maisha na maadili) ya mwaka 2022, iliyofuatilia stadi za maisha za vijana wa miaka 13 hadi 17 Kenya, Tanzania na Uganda, ilitumia visa na kazi za kufanya. Haikuishia kuwauliza wanajionaje.

Kwa kauli ya 6, mtafute mama mtu mzima asiyejulikana na vijana, acheze mteja. Anakuja na kitenge chake na kuulizia mshono wa gauni. Kijana anataja bei. Mama anashangaa: “Eh! Elfu kumi na tano? Mwanangu, mbona unanipiga? Fanya elfu nane.” Kisha ananyamaza na kumtazama.

Mwangalizi amekaa pembeni na karatasi yenye mambo matano: alisalimia, alitaja bei kwa sauti inayosikika, alieleza bei imetokana na nini, baada ya malalamiko alibaki kwenye bei au alipunguza kwa sababu aliyoieleza, alimaliza kwa kukubaliana siku ya kuchukua nguo. Kila jambo lina alama 1. Mwangalizi asijue kijana alijipa ngapi kwenye dodoso, vinginevyo macho yake yataifuata ile namba.

Panga matokeo katika mafungu manne. Wanaojiamini na wanaweza, waache waendelee. Wasiojiamini na hawawezi, ndio waliokuja kujifunza. Macho yaelekee kwenye mafungu mawili yaliyobaki.

Kijana aliyejipa 9 kwenye kukata na akakata kitambaa upande usio wake ni hatari kwa mali ya mteja. Anahitaji kufanya kazi akiwa na mtu wa kumkagua, na maneno ya kumtia moyo hayatamsaidia. Aliyejipa 3 na akafanya vizuri, naye haongezewi masomo. Fundi tayari yuko ndani yake. Mpe wateja halisi, mmoja baada ya mwingine, aone mwenyewe kwamba nguo zake zinavaliwa. Bandura alishikilia kwamba chanzo chenye nguvu zaidi cha imani hii ni mtu kufanya jambo na kulifaulu, kupita hotuba na sifa. Ukimpuuza kijana huyu kwa kuwa “anajua tayari”, atarudi nyumbani akakunje cherehani.

## Hatua ya 9: Piga hesabu bila kujipendelea

Tumia wastani wa kauli, si jumla, ili aliyeruka swali moja asionekane ameshuka. Aliyeruka zaidi ya robo ya kauli, mweke pembeni.

Huu ni mfano wa kubuni wa kijana mmoja. Kabla: 9, 8, 7, 7, 5, 4, 5, 3. Jumla 48, wastani 6.0. Baada: 9, 9, 8, 8, 7, 6, 7, 6. Jumla 60, wastani 7.5.

Usiishie hapo. Gawanya kauli katika mafungu mawili. Kauli 1 hadi 4 zimetoka 7.75 hadi 8.5. Kauli 5 hadi 8, zile za kukabili mtu, zimetoka 4.25 hadi 6.5. Badiliko kubwa liko hapo, na wastani wa jumla ulikuwa umelificha.

Kisha angalia kama kauli zinakwenda pamoja. Kipimo kinachotumika sana ni alfa ya Cronbach, namba ambayo kadiri inavyokaribia 1 ndivyo kauli zinavyokwenda pamoja. Wengi huridhika ikifika 0.70. Ikiwa chini, tafuta kauli inayokwenda kinyume na wenzake, mara nyingi ni ile iliyoeleweka vibaya. Ikipita 0.95, huenda umeuliza swali lilelile kwa nguo tofauti. Ukiwa na vijana chini ya thelathini, usiitegemee sana namba hii. Tegemea zaidi ulichosikia katika Hatua ya 5.

Bado kuna swali: kupanda kwa 1.5 ni kukubwa? Kabla ya mafunzo, wapime vijana wachache mara mbili, wiki mbili katikati, bila kuwafundisha kitu. Namba zikicheza kwa 0.8 bila sababu, basi badiliko la 0.5 baada ya mafunzo si habari ya kuandika.

## Hatua ya 10: Mitego miwili ya kabla na baada

Mtego wa kwanza: alama zinashuka. Siku ya kwanza kijana anajipa 8 kwenye kukata kitambaa kwa kuwa hajawahi kukata. Miezi mitatu baadaye anajua kitambaa cha mistari kinavyosumbua, anajipa 7. Amekua, lakini namba zinasema ameporomoka. Kilichobadilika ni kipimo chake cha ndani.

Dawa: siku ya mwisho, uliza kila kauli mara mbili. “Sasa una uhakika kiasi gani?” na “Ukitazama nyuma, siku unaanza mafunzo ulikuwa na uhakika gani hasa?” Ripoti namba zote tatu: ya mwanzo, ya sasa, na ya kutazama nyuma. Usiifute ile ya mwanzo, kwa sababu hata kutazama nyuma kuna kasoro yake: watu hupenda kujiona wamepiga hatua, na hupenda kumfurahisha aliyewafundisha.

Mtego wa pili: wanaoacha njiani. Tuseme vijana watano walianza na wastani wa 3, 4, 6, 7 na 8. Wastani wa kundi ni 5.6. Wawili wa chini wakaacha. Waliobaki hawakubadilika hata kidogo, lakini wastani wao ni 7.0. Mradi unaandika umeongeza kujiamini, kumbe umewapoteza waliouhitaji zaidi.

Kwa hiyo linganisha watu walewale tu, kabla na baada, na andika kwa wazi wangapi waliondoka na alama zao za mwanzo zilikuwa ngapi. Kama mna orodha ya vijana wanaosubiri awamu ijayo, wapime na wao siku zilezile. Wakipanda sawasawa na waliofundishwa, kuna kitu kingine mtaani kinachofanya kazi hiyo, na mafunzo yako hayana haki ya kujipa sifa.

## Hatua ya 11: Rudisha matokeo kwa wenyewe

Ndani ya wiki mbili, waite vijana. Waonyeshe wastani wa kundi kwa kila kauli, bila jina wala namba ya mtu. Waulize: kwa nini kumdai mteja kumebaki chini? Majibu yao yatakupa somo la awamu ijayo zaidi kuliko jedwali lolote.

Usitumie alama hizi kuchagua nani apewe cherehani au mtaji. Habari ikishasambaa kwamba 9 inaleta cherehani, hutapata tena 3 ya kweli.

Pima mara ya tatu miezi mitatu hadi sita baada ya mafunzo, vijana wakiwa tayari mtaani na wateja wao. Dodoso lilelile, kadi ileile, maelekezo yaleyale. Ongeza swali moja tu chini ya kila kauli: “Katika siku 30 zilizopita, umefanya hivi mara ngapi?”